Injini ya Beetle 1600 imefungwa upya, sasa inachemsha kuliko ilipokuwa mbovu

#1 Mleta mada

Wakuu, habari zenu.

Nina Volkswagen Beetle, injini ya 1600 inayopozwa kwa upepo, yenye hedi za poti mbili na kabureta moja, Solex 34 PICT-3. Ilianza kula oili na kutoa moshi wa buluu, ikabidi ishushwe na kufungwa upya. Imewekewa pistoni na silinda mpya za 85.5 mm, beringi mpya za krenki, na hedi mpya kabisa kwa sababu zile za zamani zilikuwa na ufa kati ya vali na tundu la plagi. Distributa, inayogawa umeme kwa plagi, ni 009, ile isiyo na vakyumu. Inawaka vizuri, haivuji hata tone, na mlio wake umetulia.

Tatizo ni joto. Nikiwa barabara kuu mwendo wa 80, baada ya nusu saa hivi geji ya oili inafika nyuzi 125 na haiishii hapo. Nikisimama, injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), taa ya oili inapepesa. Kabla ya kufungwa upya, pamoja na uchakavu wake wote, haikuwahi kufanya hivi. Aliyeifunga ananishauri ninunue kipoza oili cha nje chenye feni yake. Kabla sijatoa hela naomba mawazo yenu.

#2 Mdau

Injini mpya hiyo mkuu, ringi bado zinabana. Iendeshe taratibu, itazoea yenyewe.

#3 Mdau mwingine

Weka oili nzito, 20W-50, taa itaacha kupepesa. Na hicho kipoza cha nje kifunge tu, kwenye joto hakuna kinachozidi.

#4 Fundi

Mleta mada, tunza hela yako kwanza. Kipoza cha nje hakikuambii joto linatoka wapi. Injini iliyofungwa upya ikachemsha kuliko ilipokuwa mbovu maana yake kuna kitu kimebadilika siku ilipofunguliwa, na hicho ndicho cha kutafuta.

Wachangiaji wawili waliotangulia niwajibu kidogo. Ni kweli ringi mpya zinaongeza joto kilomita mia chache za mwanzo. Lakini hazifikishi oili 125 ikiwa bado inapanda huku taa inapepesa. Kuacha gari liendelee hivyo "lizoee" ni kupika beringi mpya. Oili nzito nayo inainua presha tu, joto linabaki palepale. Taa ikizimika utadhani umepona wakati hedi zinaungua.

Sasa tuanze. Kwanza hakikisha joto ni la kweli. Geji za kufunga pembeni zinadanganya sana, hasa sensa ikiwa na ethi mbovu au ikiwa imefungwa pasipo mahali pake. Chukua kipimajoto cha kulenga, piga chini ya injini penye oili mara tu baada ya safari, ulinganishe na geji. Chuma cha nje kitasoma chini kidogo ya oili yenyewe, hiyo ni kawaida. Ila taa yako kupepesa ikiwa moto inaniambia geji haijakosea sana: oili imelainika kupita kiasi. Oili ya injini hizi ikiwa kati ya 80 na 110 usihangaike nayo. Ikipita 120 punguza mwendo na utafute sababu.

Ukishahakikisha, jua kwamba njia ni mbili tu. Ama injini inatengeneza joto zaidi ya inavyopaswa, ama inatengeneza la kawaida lakini haliondoki. La kwanza ni rahisi kupima, kwa hiyo anza nalo: taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche.

Rekebisha platini (swichi ndogo ya cheche ndani ya distributa) kabla ya kugusa taimingi, nafasi 0.4 mm, maana ukibadilisha platini baadaye taimingi inahama. Distributa ya 009 haipimwi kwenye silensa ukaridhika. Inapimwa kwa taa ya taimingi injini ikiwa mizunguko 3,000 hadi 3,500 kwa dakika, ambapo vyuma vya ndani vimeshafunguka vyote. Hapo unataka digrii 28 hadi 32 kabla ya pistoni kufika juu. Puli nyingi hazina alama hiyo, basi jitengenezee: zungusha uzi kwenye puli upate mzingo, gawanya kwa 12, hizo ndizo digrii 30. Simama nyuma ya gari, anzia kwenye alama ya pistoni namba 1 ikiwa juu, pima urefu huo kwenda kulia, piga rangi nyeupe. Rangi ikisimama kwenye mstari wa kiungio cha kreti (kasha la injini) kwenye mwanga wa taa, uko 30. Na hiyo alama ya juu yenyewe usiiamini kwa macho kama puli si ya asili. Toa plagi namba 1, tumbukiza kijiti cha plastiki, zungusha kwa mkono uhakikishe.

Taimingi ikiwa mbele sana injini inanoki, na kwa hizi injini mara nyingi husikii, feni inafunika sauti. Ikiwa nyuma sana, moto unaendelea kuwaka pistoni ikiwa tayari inashuka, na vali za ekzosi pamoja na hedi ndizo zinazobeba. Kote kuwili unapata joto.

Ukiwa chini ya gari, fungua pia bolti kubwa yenye mfereji wa bisibisi, upande wa kushoto karibu na puli. Ndani kuna pistoni ndogo na springi yake. Oili ikiwa baridi na nzito, presha inaisukuma hiyo pistoni chini, oili inaruka kipoza na kwenda moja kwa moja kwenye beringi. Ikipata joto inarudi juu na oili inapita kwenye kipoza. Ikigoma kurudi, oili haipozwi kabisa, hata ukiwa na kipoza kizuri namna gani. Ukitoa bolti inatakiwa idondoke yenyewe mkononi. Ukilazimika kuivuta, umeshapata sehemu ya jibu.

Belti la feni lisisahaulike. Ukilibonya katikati kwa kidole gumba lilegee kama 15 mm. Feni yako iko kwenye shafti moja na jenereta, kwa hiyo likilegea unapoteza upepo na chaji pamoja. Siku taa nyekundu ya chaji ikiwaka barabarani simama palepale, usisubiri ufike. Na kama aliyefunga ameweka puli ndogo ya krenki, ile ya kupunguza mzigo, itoe. Inapunguza mzunguko wa feni na wewe unataka upepo wote.

Leta majibu.

#5 Mleta mada

Fundi, shukrani sana. Nimefuata ulivyosema.

Kipimajoto cha kulenga kilisoma nyuzi nane hivi chini ya geji, kwa hiyo joto ni la kweli. Pistoni ya presha ilidondoka yenyewe na inateleza vizuri. Belti liko sawa na puli ni ya asili.

Taimingi sasa. Baada ya kuchora alama na kuwasha taa, kwenye 3,500 ilikuwa digrii 38. Nimeirudisha 30. Gari limekuwa na utulivu zaidi kwenye mlima, lakini safari ileile bado oili inafika 118 na kwenye kupanda mlima inaendelea kidogokidogo. Nafuu ipo ila haijaisha.

#6 Mdau mwingine

Umeangalia mchanganyiko? Petroli ikiwa chache na hewa nyingi, hedi zinapata moto vibaya sana. Injini za poti mbili zina ile mipira miwili inayounganisha manifoldi ya katikati na ncha zake, ikipasuka au kilipi ikilegea inavuta hewa na hakuna jeti itakayokuokoa. Injini ikiwa silensa nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia, kidogo tu, kwenye mipira hiyo na chini ya kabureta. Mlio ukibadilika, pale panavuta. Usitumie petroli wala kisafishio cha kabureta karibu na ekzosi ya moto, watu wameshaunguza magari. Na maji yasifike kwenye hedi, chuma cha moto hakipendi kushtuliwa.

Angalia pia jeti kubwa, kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta. Kabureta yako kwa kawaida huja na 127.5 au karibu na hapo. Kama petroli ya kwako imechanganywa na ethanoli, saizi moja juu si mbaya, kwa kuwa ethanoli inahitaji mafuta mengi zaidi kwa hewa ileile.

#7 Mleta mada

Nimepuliza maji kila kiungo, mlio haukubadilika popote. Jeti ni 127.5. Plagi zote nne zina rangi ya kahawia isiyokolea, hakuna nyeupe. Nadhani kabureta tuiache.

#8 Fundi

Huyo wa #6 kaongea vizuri, na kwa plagi za rangi hiyo nakubaliana nawe, kabureta siyo. Taimingi ilikuwa sehemu ya tatizo. Kilichobaki naona kiko upande wa pili: joto linatengenezwa kawaida lakini haliondoki.

Wengi wanatazama feni inazunguka wanasema upepo upo. Feni kuzunguka ni mwanzo tu. Upepo lazima uingie ukiwa baridi, upite katikati ya mapezi (vile vibapa vyembamba vya kutolea joto kwenye silinda na hedi), utoke chini usirudi. Njia hiyo inatengenezwa na mabati na raba, na hivyo ndivyo vitu vinavyoachwa kwenye boksi injini ikifungwa upya, kwa sababu bila hivyo injini inawaka vilevile.

Anza juu. Raba inayozunguka injini yote, kati ya bati na bodi ya gari, ipo? Kazi yake ni kutenga chumba cha injini na chini. Ikikosekana, feni inavuta hewa ambayo imeshapita kwenye silinda na ekzosi, yaani inapoza kwa hewa ya moto. Raba za waya za plagi zimekaa sawasawa kwenye matundu ya bati? Kama mfumo wa joto la ndani umeondolewa, yale matundu mawili makubwa ya mipira kwenye kava la feni yamezibwa? Yakiwa wazi upepo unatokea hapo badala ya kwenda kwenye hedi.

Halafu lala chini na kioo kidogo na tochi. Katikati ya silinda 1 na 2, na katikati ya 3 na 4, upande wa chini nyuma ya mirija ya pushirodi (vijiti vinavyosukuma vali), kunatakiwa kuwa na bati dogo lililokunjwa, limeshikwa na stadi za hedi. Hilo bati linalazimisha upepo uikumbatie silinda hadi tumboni mwake. Bila hilo upepo unashuka moja kwa moja, upande wa chini wa silinda na hedi unabaki bila kitu. Sijawahi kuelewa kwa nini linaonekana la ziada, maana ni dogo lakini linafanya kazi kubwa kuliko kipoza chochote utakachonunua. Kwa mirija ya kawaida haliingii injini ikiwa imefungwa, lazima hedi zitoke. Ndiyo maana likisahaulika linaachwa.

La mwisho, hedi zako ni mpya. Hedi nyingi mpya zinatoka kwenye kalibu zikiwa na chuma kilichobaki katikati ya mapezi, hasa karibu na poti ya ekzosi na kati ya vyumba viwili. Kwa juu pezi linaonekana zuri, ndani pamezibwa. Hapo ndipo hedi inapopata moto zaidi kuliko sehemu yoyote.

Ukiweza, funga sensa ya joto chini ya plagi namba 3. Injini za kabla ya 1971 kipoza oili kilikaa ndani ya kava la feni, katikati ya upepo wa silinda hiyo, ndiyo maana namba 3 ilisifika kwa kuungua. Baadaye kikasogezwa kando na kupewa njia yake. Kwenye mwendo wa kawaida usome chini ya 200, na ukifika 230 toa mguu.

#9 Mdau

Samahani kwa kudandia uzi. Yangu niliondoa thamostati na vile vibao vya ndani ya kava la feni, nikaambiwa sehemu zenye joto havina kazi. Je, vinaweza kuwa sababu ya yangu kuchemsha pia?

#10 Fundi

Virudishe mkuu. Thamostati inafungua vibao kwenye nyuzi 65 hadi 70, ikiharibika inatanuka na kubaki wazi, kwa hiyo haiwezi kukuunguzia injini. Hatari ni kuitoa ukaacha vibao vimekwama nusu kwa kutu. Na hivyo vibao vikiwa wazi vinaelekeza upepo ndani ya kava. Ukivitoa kabisa mgawanyo unavurugika. Isitoshe injini inakaa baridi muda mrefu kila asubuhi, na ubaridi nao unakula silinda.

#11 Mleta mada

Wakuu, nimepata.

Raba ya kuzunguka ipo. Nililala chini na kioo: upande wa kulia hakuna bati, upande wa kushoto hakuna bati. Nikaenda kwenye boksi la vitu vilivyobaki, yale mabati mawili yamo, yana vumbi lake. Injini ikashushwa tena.

Tulipotoa kava la feni nikafanya ulichosema kuhusu mapezi. Nimewasha tochi upande mmoja wa hedi na kuchungulia upande mwingine. Karibu na vali za kuingiza mwanga unapita kama kawaida. Karibu na ekzosi ya namba 3 giza. Nilijaribu kupitisha waya wa baiskeli, ukaingia urefu wa kidole kimoja na kugonga. Kuna utando wa aluminiamu umefunga mapezi matatu mfululizo, mwembamba kama ganda la yai, na upande wa namba 1 hivyohivyo. Aliyeuza hedi hakulisema hilo.

Hedi zimetoka. Nawezaje kuyafungua bila kuharibu?

#12 Fundi

Vizuri sana, hiyo ndiyo kazi. Tumia biti ndefu ya drili na faili jembamba, polepole, fuata mwelekeo wa pezi. Usiguse ukuta wa poti wala sehemu ya tundu la plagi. Funga poti zote kwa tepu, na baadaye osha kwa hewa ya presha hadi uchoke. Kipande cha aluminiamu kikibaki ndani ya poti kitaishia kwenye vali. Rangi usipake, au kama lazima basi nyeusi nyembamba sana. Rangi nene ni blanketi.

Kwa kuwa hedi ziko mkononi, usizirudishe kabla hujapima mgandamizo. Pistoni ikiwa juu kabisa, pima inabaki chini ya ukingo wa silinda kwa kiasi gani. Unataka 1 hadi 1.5 mm. Kisha pima ujazo wa chumba cha hedi kwa sindano, mafuta mepesi na kipande cha plastiki ngumu. Hesabu ya injini yako: silinda moja ni 396 cc. Ukiwa na chumba cha 50 na nafasi ya 1.5 mm, ambayo ni kama 8.6 cc, unapata 7.8 kwa 1, karibu na 7.5 ya kiwandani. Lakini hedi ikiwa imechongwa hadi 44 na nafasi ni 0.5 mm, unaruka hadi 9.4. Injini ya upepo yenye 9.4 kwa petroli ya kawaida itachemsha tu, hata mabati yote yakiwepo.

Ukifunga, stadi za 10 mm kaza 32 Nm, za 8 mm kaza 25 Nm, kwa hatua na kwa mpangilio. Usizidishe kwa kuogopa kuvuja, kreti ya magnesiamu inang'oka nyuzi za kushikia bolti. Na kipoza oili kama ni kile cha injini ya zamani, kisafishe au kibadilishe. Machicha ya beringi zilizokufa yanakaa mle na hayatoki kwa kusuuza. Sili zake ziwe za saizi sahihi, matundu ya kreti na ya kipoza hayalingani kwa injini zote.

#13 Mleta mada

Nafasi ya pistoni ni 1.4 mm, chumba 48 cc. Hesabu inatoa kama 8.1 kwa 1, nadhani ni salama. Mapezi yamefunguka, mwanga unapita kote. Mabati yamerudi mahali pake. Kipoza nimebadilisha.

Nimelipeleka njia ileile. Barabara kuu mwendo wa 80 oili inasimama 98 na kutulia. Kwenye kupanda inafika 108, nikimaliza mlima inarudi. Taa ya oili haijapepesa tena kwenye silensa. Joto chini ya plagi namba 3 ni 180 kwenye tambarare.

#14 Mdau

Hongera mkuu. Sasa kile kipoza cha nje bado kina maana?

#15 Fundi

Kwa gari hili hapana. Angekuwa anavuta trela au injini imeongezwa nguvu, ningesema fikiria, tena baada ya namba kuwa nzuri kama hizi. Ukikifunga kabla, kinaficha tatizo la hedi, kwa kuwa kinapoza oili tu na mapezi yaliyozibwa yanabaki yamezibwa.

Mleta mada, ukifikisha kilomita 500 mwaga oili, lita 2.5 hizo si nyingi, na uangalie chujio la wavu kama lina vumbi la chuma. Siku hiyohiyo pima tapeti (nafasi za vali) injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla ya kuwasha, 0.15 mm zote nane. Hedi mpya zinakaa chini kidogo mwanzoni na nafasi inapungua. Vali ya ekzosi isiyokaa vizuri kwenye kiti haipati pa kutolea joto, na ya namba 3 ndiyo huanza. Ukikuta imebana sana zaidi ya wenzake, andika kipimo, pima tena baada ya kilomita 500 nyingine. Ikiendelea kubana peke yake, vali inanyooka au kiti kinazama, ilete hapa tuiangalie kabla haijakatika.